Mwenye Mti ni Nani?

Msomaji, ukisimama jioni juu ya mwinuko wa Mikindani, katika bara ya Mombasa, utauona mkono wa bahari wa Tudor umelala chini yako, na mikoko imeukumbatia kingoni. Nyuma yako hupita barabara kuu iendayo Nairobi, na malori yatokayo bandarini hunguruma juu yake usiku na mchana. Kati ya barabara na mikoko zimesongamana nyumba za mabati na za ghorofa, maduka, shule, misikiti na makanisa. Na kati ya majengo hayo imebaki miti michache: mwembe huku, mkungu kule, mwarobaini penye njia panda. Jua likitua, na adhana ya magharibi ikisikika, vivuli vidogo hutoka katika miti hiyo, kimoja baada ya kimoja, vikapita juu ya mapaa bila ya kishindo. Hao ni popo, na kazi yao ya usiku imeanza.

Watu wengi huwatazama mara moja, kisha hugeuza uso. Nakuomba wewe usigeuze uso, kwa sababu popo hao wamebeba swali ambalo limewashinda watu wazima wengi, nalo ni hili: mtu akiwa na mali, je, ana ruhusa ya kuitenda lolote alitakalo, hata kama kiumbe mwingine ameitegemea mali hiyo kwa maisha yake?

Swali kubwa hufahamika vizuri zaidi likiwekwa katika jambo dogo. Basi tuseme kwamba katika ua wa nyumba moja ya Mikindani umo mwembe mkubwa, uliopandwa na mzee ambaye sasa ni marehemu, na mwanawe ameurithi. Mwaka huu popo wapatao 30 wameuchagua mwembe huo, wakawa wananing'inia humo mchana kutwa. Chini yake pametapakaa kokwa za kungu, makapi ya matunda yaliyotafunwa yakatemwa, na kinyesi. Nguo zilizoanikwa hupata madoa. Usiku dume mmoja hulia mlio wa namna moja usiokoma, kama chuma kinachogongwa polepole, na mtoto mchanga hapati usingizi.

Mke anasema, “Baba watoto, mti huu ukatwe. Nimechoka kufua nguo mara mbili.” Mama mzee aliyeketi barazani anajibu, “Mwanangu, mti huu ulipandwa na babako kwa mkono wake, na mimi nimezeeka chini ya kivuli chake. Usiukate kwa hasira.” Binti yao, mwanafunzi kama wewe, anasema, “Baba, popo hao hawana pengine pa kwenda.” Baba anawatazama wote watatu, halafu anatamka neno linalosemwa kila siku duniani: “Mti ni wangu. Nani atanizuia?”

Hebu tusimhukumu baba huyu upesi, maana hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyesema uongo. Nguo zimechafuka kweli, mti una kumbukumbu kweli, popo wanahitaji makao kweli, na mti ni wa baba kweli. Kama uongo ungekuwapo, kazi yetu ingekuwa rahisi: tungeukataa uongo na kuushika ukweli. Ugumu wa maadili huanza pale ambapo kweli mbili hugongana mlangoni, na kila moja yataka kuingia kwanza.

Hakimu mwema husikiliza pande zote. Mwenye mti ana ulimi, na amekwisha kusema. Popo hana ulimi wa kujitetea. Kwa hiyo yatupasa kumtafutia sababu zake, kwa kumwangalia anavyoishi.

Popo wa mwembe wetu ni wa jamii ya popo walao matunda, ambaye wataalamu humwita Epomophorus wahlbergi. Uso wake ni mrefu kama wa mbwa, ana madoa meupe penye mashina ya masikio, na dume ana manyoya meupe mabegani ambayo huyafunua anapomwita jike. Ule mlio unaomnyima mtoto usingizi ndio wito wake wa posa. Popo huyu hatafuti pango lenye giza kama ndugu zake wengine wa pwani. Yeye hutaka mti, tena si mti wowote.

Kwanza, hutaka kivuli kizito. Mbawa za popo ni ngozi nyembamba isiyo na manyoya, na jua la mchana huweza kumkausha na kumchosha. Mwembe, ambao majani yake yamefungamana kama paa la makuti, humfaa kuliko mti wenye majani haba. Pili, hutaka nafasi tupu chini yake. Ndege huruka kwa kujiinua, lakini popo aliyening'inia hujiachia kwanza, akaanguka kidogo, kisha akatandaza mbawa. Tawi lililosongwa na vichaka haliwezi kumfaa. Tatu, hutaka usalama. Mwewe, nyoka na paka ni adui zake, na kunguru humsumbua akimwona mchana. Kwa hiyo hujificha chini ya majani, na wenzake hukaa kila mmoja mbali kidogo na mwingine, hata mtu aweza kupita chini ya mti mwaka mzima asijue kwamba una wapangaji. Nne, hutaka chakula kisiwe mbali: tini za mkuyu, maembe, mapera, zambarau na kungu.

Tena yapo mazoea yake mengine yanayostahili kukumbukwa. Huko Pietermaritzburg, katika Afrika ya Kusini, wataalamu waliwafunga popo wa aina hii vyombo vidogo vya redio, wakawafuata katika bustani za mji. Walikuta kwamba popo hawa hubadilisha makao yao mara kwa mara. Hawajifungi na mti mmoja kama mtu ajifungavyo na hati ya nyumba. Wanahitaji miti kadhaa, leo huu na kesho ule. Kumbe basi popo wa ua wetu si mpangaji wa mwembe mmoja tu. Ni mpangaji wa mtaa mzima, na kila mti mmoja ukatwao humpunguzia chumba.

Huenda ukauliza, “Kama popo ni mnyama wa mwitu, kwa nini asikae mwituni? Amefuata nini mjini?” Swali lako ni zuri, na jibu lake lilionekana Kampala zamani. Katika miaka ya 1960 palikuwa na bonde mjini humo lililojaa popo wakubwa wenye rangi ya majani makavu, wa aina iitwayo Eidolon helvum, wakining'inia kwa maelfu mengi, hata mahali pale pakaitwa Bonde la Popo. Mtaalamu Mutere aliwachunguza, na mwaka 1965 alitangaza jambo la ajabu: mimba ya popo yule husubiri tumboni kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kukua, ili mtoto azaliwe katika majira yanayomfaa, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Popo hao hawakuchagua mji kwa kuwadharau wenyeji. Mji ulikuwa na miti mirefu iliyoachwa isimame, na bustani zenye matunda. Lakini katika miaka 40 iliyofuata idadi yao Kampala ilipungua sana. Jina la bonde limebaki katika vinywa vya watu na katika jina la shule, ingawa jeshi lililoleta jina hilo limekuwa dogo.

Mpaka hapa nimekuwa nikisema kwamba popo “huchagua” mti. Sasa nataka tulitazame neno hilo vizuri, maana lina mtego. Mtu aliye na maembe 10 mbele yake, akatwaa moja, amechagua. Mtu aliye na embe moja bovu na njaa kali, akalitwaa, naye husemwa kwamba amechagua. Je, ni kuchagua kule kule? Hapo zamani mashamba ya minazi na miembe yalienea mahali pengi katika bara ya Mombasa. Mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa nyumba, barabara zikapanuliwa, na mikoko ya kingoni ikakatwa kwa kuni na kwa boriti, na maji machafu ya mji yakamwagwa ndani yake. Mnyama aliyekuwa na miti mia sasa ana miwili au mitatu. Akiingia katika ua wako, usiseme, “Kwa nini amenichagua mimi?” Sema, “Amebakiwa na wapi?”

Wewe usomaye haya huenda unalijua jambo hili kuliko mimi. Familia nyingi za Mikindani zilikuja kutoka kisiwani, kutoka Taita, kutoka Ukambani, kutoka nyanda za Ziwa na kwingineko, zikitafuta chumba ambacho kodi yake yalipika, karibu na bandari na viwanda vya Changamwe. Akitokea mtu akasema, “Watu hawa wamechagua kukaa penye msongamano,” utamjibu nini? Utamwambia kwamba walichagua, ndiyo, lakini katika vichache walivyopewa. Anayeufahamu uchungu wa kuchagua katika vichache hana udhuru wa kuusahau akiuona kwa mwingine, hata kama huyo mwingine ana mbawa.

Lakini nisije nikaonekana nimemwelemea popo kuliko binadamu. Hoja za mwenye mti ni nzito, na yafaa zipimwe kwa mizani ya haki. Ya kwanza ni hoja ya afya. Popo aweza kubeba magonjwa, na anayelikana hilo hawatendei wema watoto. Mwaka 2009 katika mapango ya Shimoni, kusini ya Mombasa, popo mmoja alikutwa na virusi vya jamii moja na vile vya kichaa cha mbwa, na virusi hivyo vikapewa jina la Shimoni. Pango la Kitum katika Mlima Elgon lilihusishwa na ugonjwa mkali wa Marburg mwaka 1980 na tena mwaka 1987. Ni kweli kwamba hao ni popo wa mapangoni, si wa mwembe wetu. Lakini busara haingoji ushahidi wa msiba. Popo asishikwe kwa mkono mtupu, awe hai au amekufa. Tunda lenye alama ya meno lisiliwe. Pipa na tangi la maji vifunikwe. Aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha aende hospitali siku ile ile.

Ukiyatazama maonyo hayo utaona kwamba yote hutufundisha kukaa mbali na popo. Hakuna hata moja litufundishalo kumpiga mawe. Anayepanda mtini na fimbo, akamwangusha popo, akamshika ili amwonyeshe mwenzake, ndiye anayeikaribisha hatari aliyodai kuikimbia. Kwa hiyo hoja ya afya ni hoja ya kuweka mpaka, na mpaka waweza kuwekwa bila ya shoka.

Hoja ya pili ni ya uchafu na kelele. Hii siidharau. Ni rahisi kwa mtu ambaye nguo zake hufuliwa na mwingine kuhubiri uvumilivu. Kama tutawataka watu wa nyumba ile wavumilie, hatuna budi kuuliza ni nani kati yao anayeubeba mzigo wa uvumilivu huo, na mara nyingi tutamkuta ni mama, ameinama juu ya karai. Basi huruma kwa popo isinunuliwe kwa mgongo wa mama. Kamba ya nguo yaweza kuhamishwa upande wa pili wa ua. Tawi lililoinamia kamba au paa laweza kupunguzwa, wakati ambapo popo hawana watoto. Makapi yaweza kufagiliwa kwa zamu, na binti aliyewatetea popo, pamoja na kaka zake, washike ufagio kwanza. Mtetezi asiyekubali kushika ufagio ametetea kwa mdomo tu.

Hoja ya tatu ni ya mali: “Mti ni wangu.” Ni hoja ya haki, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 huilinda mali ya mtu. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na katika kifungu cha 69 huitaka dola ijitahidi kufikia miti ifunikayo angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Maana yake ni kwamba hata sheria ya watu, ambayo haikumtaja popo, imekubali kwamba mti ulio katika ua wa mtu mmoja una sehemu ndogo iliyo ya wote. Kivuli chake huanguka upande wa pili wa ukuta, na upepo upitao katika majani yake humburudisha jirani ambaye hakuupanda.

Wako watu ambao, wakitaka kumtetea popo, hukimbilia faida yake. Na faida yake si ndogo. Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Popo amekwisha kulishika jembe lake tangu usiku wa kwanza. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo alinywaye asali yake hubeba mavumbi ya uzazi katika manyoya ya uso wake mpaka ua la mti mwingine. Mabuyu yenye rangi nyekundu unayoyanunua nje ya shule yana deni kwa wafanyakazi wa usiku. Mbegu za mvule, mti ambao mbao zake husifiwa kwa milango na vyombo vya nyumba, husafirishwa na yule popo mwenye rangi ya majani makavu, ambaye aweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja na kuziangusha mbali na mti mama. Msitu uliokatwa hurudishwa sehemu na wapanda miti wasiolipwa ujira.

Hata hivyo, msomaji, nakuonya usiijenge hoja yako yote juu ya faida. Faida ni nguzo, lakini ni nguzo yenye mchwa. Ikiwa haki ya kiumbe ni faida yake tu, basi siku ambayo faida itapungua, haki nayo itakwisha. Mama mzee wa barazani hafui tena, hapiki tena, wala haendi sokoni. Je, nani atathubutu kusema kwamba nafasi yake barazani imekwisha? Sisemi kwamba popo ni sawa na mama mzee. La hasha! Nasema tu kwamba sote twajua, ndani ya mioyo yetu, kwamba swali la “Ananifaa nini?” halitoshi kuhukumia maisha.

Ni kitu gani basi humpa popo dai juu yetu, ikiwa si faida? Naona ni jambo dogo na la wazi: popo huumia. Hukimbia jua kama sisi tukimbiavyo, hutafuta mahali pasipo na adui, na jike humbeba mtoto wake kifuani akiruka naye usiku. Kiumbe aliye hivyo hawezi kuwa sawa na jiwe mbele ya mtu mwenye akili. Dai lake si kubwa. Hawezi kudai mwembe uwe wake, wala nyumba isijengwe, wala mti uliooza ambao waweza kuwaangukia watoto usikatwe. Dai lake ni kwamba asiumizwe pasipo haja, na kwamba kabla ya kumwondolea makao, mwenye nguvu afikiri na kujaribu njia nyingine. Haki ndogo ni haki, kama deni la shilingi moja lilivyo deni.

Mambo hayo yamejaribiwa duniani kwa njia mbalimbali, na yafaa tujifunze kwa waliotutangulia. Katika kisiwa cha Morisi wakulima wa maembe na lichi walilalamika juu ya popo wakubwa, na serikali ikaamuru wapunguzwe. Mwaka 2015 na 2016 waliuawa popo zaidi ya 30,000. Mavuno hayakuongezeka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2018 popo yule, ambaye makao yake ni visiwa vile, alitiwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Hiyo ndiyo njia ya shoka.

Mjini Melbourne, huko Australia, popo wengi walikaa katika bustani kuu ya mimea na kuiharibu miti ya thamani. Mwaka 2003 wenye bustani hawakuwaua. Waliwafukuza kwa makelele, na walikuwa wamewaandalia makao mapya kando ya mto Yarra. Popo waliondoka, lakini hawakuyakubali makao yale. Walijichagulia wenyewe mahali pengine kando ya mto ule ule, na huko wakakaa. Mkasa huu waweza kukuchekesha, lakini una mafunzo: kiumbe usiyejua sababu zake hutaweza kumpangia nyumba.

Njia ya tatu ilionekana karibu nasi, katika kisiwa cha Pemba. Huko hukaa popo mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani, ambaye mbawa zake zikitandazwa hufikia mita moja na nusu hivi. Misitu yake ilikatwa, naye aliwindwa kwa chakula, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliogopa kwamba atatoweka kabisa. Watu wa Pemba walikuwa na sababu za kutompenda, kwa maana mwaka 1995 kisiwa kizima kilitikiswa na hofu ya shetani aitwaye Popobawa, ambaye jina lake limetokana na popo na bawa. Lakini katika miaka ile ile wanavijiji walianza kuunda vikundi vya kuwalinda popo hao. Mahali pengine walilala katika miti ya makaburini, ambayo kwa heshima ya marehemu haikukatwa. Huko Kidike wageni walianza kulipa kiingilio ili kuwatazama. Kufikia mwaka 2006 na 2007 popo wa Pemba walihesabiwa kuwa wapatao 20,000. Walionusurisha popo hawa hawakuwa matajiri wenye ardhi ya ziada. Walikuwa watu wa kawaida waliokubali kwamba miti fulani isimame.

Sasa turudi katika ua wetu wa Mikindani, maana baba bado amesimama, na jibu hajapewa. Tumwambie nini? Hatuwezi kumwambia kwamba mti si wake, kwa sababu ni wake. Tutamwambia kwamba umilikaji ni wa namna mbili. Kuna umilikaji wa mtu juu ya sahani yake, ambayo akiivunja amejivunjia mwenyewe. Na kuna umilikaji wa mtu juu ya kisima kilicho katika shamba lake penye njia ya wasafiri, ambacho akikifukia amewafukia wengine kiu yao. Mwembe mkubwa katika mtaa uliokwisha miti ni kisima. Mwenye kisima ana haki ya kukilinda, kukitengenezea mlango, na kuwakemea wanaokichafua. Lakini kukifukia kwa sababu ya hasira ya siku moja ni kuitumia haki yake vibaya.

Kwa hiyo tungemwuliza swali moja tu: “Kabla ya shoka, umejaribu nini?” Akijibu kwamba amehamisha kamba ya nguo, amefunika tangi, amepunguza matawi yaliyoinamia paa, amengoja siku chache aone kama popo watahama kama ilivyo desturi yao, na bado nyumba yake ina dhiki isiyovumilika, basi hatuna la kumlaumu, na akikata, na apande mwingine mahali panapofaa zaidi. Akijibu kwamba hajajaribu lolote, basi shida haiko mtini. Iko katika mkono uliozoea kwamba kilicho dhaifu ndicho huondoka kwanza.

Hilo ndilo neno nililotaka kukuachia. Mwenye njia nyingi ana wajibu kwa mwenye njia chache. Sisi twaweza kuhamisha kamba, kufunika maji, kujenga upande huu au ule, kupanda na kung'oa. Popo aweza jambo moja tu, kutafuta mti wenye kivuli kabla jua halijapanda. Mizani ya uwezo isipokuwa sawa, mizani ya subira nayo haiwi sawa: aliye na zaidi hutoa zaidi. Kanuni hii haikuanzia kwa popo, wala haitaishia kwake. Utaikuta shuleni, kati ya mwanafunzi mwenye nguvu na mgeni aliyeingia darasani jana. Utaikuta siku utakapokuwa na nyumba, na mpangaji akakuomba siku tatu zaidi za kodi. Utaikuta siku utakapopewa cheo, na kalamu yako ikawa shoka.

Jioni ya leo, ukiwa Mikindani au Likoni, Kisauni au Miritini, toka nje jua linapotua, utazame ni mti upi wanaoutoka. Ihesabu miti iliyobaki katika mtaa wako. Kisha jiulize ni mingapi kati yake iliyopandwa na watu walio hai. Ukiona kwamba yote ilipandwa na waliokwisha kufa, basi utajua kwamba popo nawe mnaishi juu ya wema wa watu wale wale, na kwamba zamu ya kupanda imekufikia.